Baba, Vitabu Vyako vya Jenetiki Nimevichukua Mimi

Baba,

Watu huanza barua kwa neno mpendwa. Mimi nimeliandika nikalikata, kwa hiyo tuanze hivi hivi tu. Ni Minza, mwanao wa kwanza. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Bariadi, karibu na stendi, nyuma ya mashine ya fotokopi ambayo leo imegoma kama kawaida yake.

Tulipokwisha kukuzika kule Mwandoya, ndugu zako waligawana vitu vyako. Baba mdogo Ngolo alichukua baiskeli na koti la suti, mdogo wangu Shija akapewa redio, mashangazi wakabeba vyombo. Vitabu havikuulizwa na mtu. Vilikuwa kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda, nikalivuta, nikalipakia kwenye gari nikaondoka nalo. Shangazi mmoja akanishukuru, "Wabeja, mayu, umemkumbuka baba yako." Sikuvichukua kwa kumbukumbu. Nilivichukua kwa sababu nilikuwa na hasira navyo, na sikutaka vikafungiwe karanga kabla sijamalizana navyo.

Unajua ninauza vitabu. Juzi aliingia mama mmoja na binti yake wa kidato cha nne, akaniuliza kitabu kizuri cha kusomea jenetiki ni kipi. Mimi hivi vitabu nimevisoma vyote vinavyopita mikononi mwangu, siuzi nisichokijua. Kipo chenye michoro mizuri lakini maelezo yake mafupi mno. Kipo chenye maswali na majibu nyuma, wanafunzi wanakipenda kwa sababu ya yale majibu. Kipo ambacho mwandishi wake anaeleza kama vile anagombana na msomaji. Vyote vinaanza na njegere. Njegere ndefu, njegere fupi, njegere laini, njegere iliyokunjamana. Baadaye wanakuja wale inzi wenye macho mekundu, kisha rangi ya nywele za Wazungu. Sikoseli inapewa ukurasa mmoja, kisanduku cha vyumba vinne, swali la zoezi, basi, tunahamia sura nyingine. Sijaona hata kimoja chenye ukurasa wa kumweleza mama mkwe.

Nilimuuzia yule binti chenye michoro. Nikamwambia, "Ukifika ukurasa wa sikoseli, usome kwa sauti nyumbani, na baba yako awepo anasikiliza." Mama yake akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili, wakatoka. Ndipo nikakaa nikaanza barua hii.

Nakumbuka siku ulipokileta kile kitabu kikubwa cha bluu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, Simiyu yetu bado ni Shinyanga, na pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na mizani yao na fedha mkononi, siyo tena kusubiri chama cha ushirika mpaka mtu asahau aliuza nini. Uliuza pamba ya shamba letu, ukapanda basi kwenda Mwanza kununua mabati. Mama alikuwa ameyasubiri hayo mabati tangu nianze shule. Ukarudi bila mabati, umebeba vitabu. Ulivikuta Mwanza vimemwagwa chini kwenye turubai, pembeni ya mitumba ya nguo, vitabu vya ng'ambo vilivyotolewa kwenye maktaba za huko. Kile cha bluu kilikuwa na harufu ya dawa na muhuri wa maktaba ukurasa wa kwanza.

Mama hakugomba. Alicheka, akasema, "Sasa mvua ikinyesha tutajifunika ukurasa gani?" Wewe ukacheka naye. Ukakitafutia karatasi ya kalenda ukakifunika vizuri, ukanipa nikinuse. Kwa miaka mingi shule ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha baiolojia, tena imepoteza kurasa, na ulikuwa ukiandika ubaoni kutwa nzima mpaka mkono unakufa ganzi. Nilikuona siku ile ulivyokuwa na furaha. Sitakunyang'anya hiyo furaha hata kwa hasira niliyonayo leo.

Na ulikuwa mwalimu kweli. Nyuma ya nyumba ulipanda mahindi meupe na ya njano mistari ikifuatana, na yalipokomaa ukanimenyea gunzi lenye punje za rangi mbili zilizochanganyika. Ukaniambia, "Ona, hili hindi lina mama na baba. Hii ya njano imetoka kule, hii nyeupe imetoka huku." Tulikaa kizingitini tukizichambua kwa rangi. Nilikuwa mtoto mdogo na nilikuelewa kabisa. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ungekuwa mjinga ningekusamehe zamani sana.

Sasa tuje kwa Limi.

Masanja, aliyenifuata mimi, alikuwa ameshatutoka. Alikufa kabla hajaanza shule, na watu walisema ni baridi yabisi, wengine degedege, kila mtu alisema lake. Alipozaliwa Limi tulifurahi. Lakini kabla hajasimama, mikono na miguu yake ikavimba vilevile, kama ya Masanja. Macho yakawa ya njano. Tumbo likajaa upande wa kushoto. Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita na wa saba, wakati watu wengine wanafurahia fedha za pamba, mdogo wangu alikuwa anajikunja kitandani akisema, "Mayu, mifupa." Mama alikuwa analoweka kitambaa kwenye maji ya moto, anakikamua, anamkanda miguu, anakiloweka tena. Viganja vya Mama vilibabuka kwa yale maji.

Mishahara ya walimu ilikuwa inachelewa, nawe kama wenzako ukaanzisha tuisheni nyumbani. Ubao uliuegemeza ukutani upande wa kivuli, chini ya dirisha la chumba alimolala Limi. Wanafunzi walikaa kwenye mbao zilizowekwa juu ya matofali. Mama aliwapikia michembe ya viazi kwa karanga ili wasisome na njaa, maana wengine walitoka mbali kwa miguu. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo pale pembeni, na ndivyo nilivyojifunza jenetiki ya kidato cha nne nikiwa bado kidato cha kwanza.

Siku ile ulifundisha sikoseli. Ulikuwa umekishika kitabu cha bluu mkono wa kushoto. Uliandika A na S upande wa baba, A na S upande wa mama, ukachora kisanduku chenye vyumba vinne, ukakijaza. Ukasema, na sauti yako naikumbuka, "Baba mzima. Mama mzima. Hakuna anayeumwa hapo, lakini kila mmoja amebeba. Mtoto akichukua S ya baba na S ya mama, huyo ndiye anaugua. Mzazi mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu. Lazima wawe wawili." Ukalipigia mstari neno wawili. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mke akizaa watoto wagonjwa, siyo kosa lake?" Ukamjibu, "Kisayansi, hapana."

Limi akalia mle ndani. Kilio kile cha mifupa, kirefu. Wanafunzi wakaanza kutazamana. Uligeuka ukanitafuta kwa macho, ukasema taratibu, "Funga dirisha, Minza."

Nikalifunga.

Limi alikufa wiki hiyo hiyo. Bibi akaja kutoka Mwandoya na dada zako, na baada ya matanga hakuondoka. Alikaa pale uani akimtazama Mama anavyopita na ndoo, anavyopita na kuni. Akawa anakuambia mbele yangu, "Ng'wanawane, mwanangu, tumbo la huyu limeoza. Litakumalizia watoto." Ulikuwa unasahihisha madaftari. Hukuinua kichwa.

Halafu mkaenda kwa mfumu, mganga wa ramli. Hili Baba nimelibeba miaka yote na kila nikilifikiria damu inanichemka. Ulikwenda na kuku kwapani. Wewe. Nilikuwa nyuma yenu nimebeba kibuyu cha maji, Bibi mbele, Mama katikati ameinamisha kichwa, na mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari amekumbatia kuku wa ramli. Mfumu akamwambia Mama amtemee kuku mate mdomoni, Mama akatema. Kuku akapasuliwa. Ulikuwa unawapasulia wanafunzi vyura maabara na kuwaonyesha ini ni hili, nyongo ni hii, kwa kijiti. Siku ile uliinama pamoja na wazee wengine ukayatazama matumbo ya yule kuku, mfumu akaonyesha alama nyeusi upande wa mwanamke, akasema damu mbaya imetoka Lalago, kwao na Mama. Ukatikisa kichwa kukubali kama mtu anayesoma.

Asubuhi yake ulikuwa unaziba pancha ya baiskeli. Nilikuja nikachuchumaa karibu nawe, nikakuuliza kwa adabu zote, "Baba, wale wawili wa ubaoni, si ndiyo wewe na Mama?"

Uliendelea kupaka gundi. Ukapuliza ikauke. Ukasema, "Hayo ni ya mtihani, Minza."

Ya mtihani. Vitabu vilivyoshinda mabati ya nyumba ya mama yangu vilikuwa vya mtihani.

Kikao kikakaa. Uamuzi ukawa Mama arudi kwao na wajomba zangu wa Lalago warudishe sehemu ya ng'ombe wa mahari, kwa kuwa mke walikuwa wametoa mbovu. Ndivyo walivyosema, mbovu. Kila mtu alikutazama wewe, maana ulikuwa msomi wa ukoo na neno lako lilikuwa na uzito kuliko la Bibi. Ukasema, "Wazee wameamua." Maneno mawili ndiyo mama yangu alipata kutoka kwako. Alipanda lori la mbegu za pamba na kifurushi chake cha nguo, mimi nikabaki kwa sababu mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Alinipungia mkono. Wewe ulikuwa darasani.

Nimekaa nikatafuta sababu yako kwa miaka, na nadhani ninazo. Ulimwogopa mama yako. Uliogopa kusikia ukoo unasema mbegu ya Mwalimu ina kasoro. Ulitaka kuoa tena, na ungesema ukweli nani angekupa binti yake? Hapa kwetu kabla ya posa watu wanachunguza ukoo, wanauliza kama kuna ukoma, kama kuna kifafa, kama kuna uchawi. Ungejiongezea mwenyewe kitu cha nne. Basi ukaona heri Mama akibebe peke yake. Ulikuwa mwoga, Baba. Siandiki hivi kukutukana, naandika kwa sababu nimetafuta neno lingine sikulipata.

Mama Shija alipokuja, simlaumu. Alinilea vizuri, alinipikia na kunisuka kama wa kwake. Akazaa Shija, akazaa na wengine, wote wazima, wana mbio. Bibi alikuwa akiwashika mashavu akisema kwa sauti ili majirani wasikie, "Mmeona? Hili ndilo tumbo." Nawe ulikuwa ukitabasamu. Ulijua kwa nini watoto wale ni wazima. Ulijua kwamba yaelekea mama yao hakubeba ile herufi, na kwamba wewe bado umeibeba, na kwamba huenda baadhi yao umeshawapa. Ulijua yote hayo ukaacha uzima wao uwe ushahidi wa kumfunga Mama.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikwenda Lalago likizo. Nilikichukua kile kitabu cha bluu kwenye begi bila kukuomba ruhusa. Tulikuwa shambani tunapalilia pamba. Nikamwambia Mama akae kidogo, nikamchorea kisanduku kwenye udongo kwa mpini wa jembe, nikamweleza kama ulivyowaeleza wanafunzi wako, kwa Kisukuma, polepole, wawili, lazima wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako ndiye mwalimu wa hayo mambo. Ingekuwa kweli, angesema." Akainuka akaendelea kupalilia, akapita juu ya kile kisanduku.

Unaona ulichofanya? Kimya chako kilikuwa na nguvu kuliko kitabu. Ningemletea maprofesa, asingewaamini, kwa sababu alikuamini wewe. Alikuwa bado anakusifia kwa majirani zake kwamba mume wake wa zamani ni mtu wa vitabu.

Sasa nikupe habari za huku.

Shija ameoa. Mkewe anaitwa Nkwimba, msichana wa Sola, mchapakazi, mcheshi, ukimkuta anakuchekesha kabla hujaketi. Wamepata mtoto wa kiume. Kabla hajasimama, mikono na miguu ikavimba. Walipomleta hospitali hapa Bariadi, daktari akapima damu akawaambia ni sikoseli. Shija alinipigia simu akiwa getini pa hospitali, nasikia magari, akanieleza. Nilipopokea habari ile sikulia. Nilikwenda nikalifungua sanduku lako la bati.

Baba mdogo Ngolo akaitisha kikao Mwandoya. Nilijua kitakachosemwa kabla sijafika. Nkwimba alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na mtoto mapajani, ameinamisha kichwa vilevile kama Mama. Baba mdogo akafungua, "Ukoo huu tuliwahi kupata mkosi wa damu kutoka Lalago, tukauondoa. Sasa umeingia wa Sola. Na huyu arudi kwao."

Nikaomba kusema. Wakasita, mwanamke, tena binti wa nyumbani. Shija akasema, "Asipoongea dada, na mimi naondoka." Wakaniachia.

Nikawauliza, "Baba mdogo, ndama zako wakizaliwa dhaifu mwaka huu na mwaka ujao, unamtoa nani zizini?"

Akanijibu bila kufikiri, "Dume."

"Kwa nini usitoe majike?"

"Dume ndilo linapanda majike yote. Ndama wanakuwa na damu yake." Hapo akanistukia, akakunja uso. "Minza, watu siyo ng'ombe."

"Siku ya mahari ni ng'ombe," nikamwambia. "Siku ya kurudisha mke ni ng'ombe. Ila siku ya kulaumu dume ndiyo mnakumbuka kuwa ni watu."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Nikakitoa kitabu cha bluu kwenye mfuko, na karatasi ya kalenda bado ipo. Nikawaambia hiki ni cha nani. Wote walikijua. Nikawafungulia ukurasa, nikawaeleza kuhusu wawili, nikawaambia Nkwimba amebeba na Shija amebeba, na kwamba Masanja na Limi walitoka kwa Mama na kwa Mwalimu, sawasawa, nusu kwa nusu, na kwamba Mwalimu aliwafundisha hivyo wanafunzi ukutani kwake huku mwanawe akilia ndani.

Baba mdogo Ngolo akasema neno nililolitarajia. "Ingekuwa hivyo, Mwalimu angesema."

Nilitaka kukirusha kile kitabu. Hata ukiwa kaburini bado unawafungia watu midomo.

Aliyetuokoa ni Mama Shija. Alisimama, yule mama mpole ambaye hajawahi kusema neno kikaoni tangu aolewe, akasema, "Tupimwe. Mimi, Shija, na mke wake. Kama damu hii Shija ameipata kwangu, nitasema mbele yenu. Kama siyo kwangu, mtajua imetoka wapi." Akavuta khanga yake akaketi.

Tulikwenda kupimwa. Nkwimba amebeba. Shija amebeba. Mama Shija hana kitu, damu yake safi kabisa. Mimi mwenyewe nilipimwa pia, na ninayo moja, wala siwezi kujua ni ya nani kati yako na Mama. Ila ya Shija hakuna mahali pengine ilipotoka. Nilipopeleka majibu Mwandoya, Baba mdogo alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Kwa hiyo shemeji yangu wa Lalago..." Akaishia hapo. Nkwimba hakurudishwa. Mtoto anapata dawa zake, anahudhuria kliniki, na mama yake ameanza tena kuchekesha watu.

Ningeweza kukuandikia hayo tu na kukuaga. Lakini Shija aliniambia, "Dada, twende Lalago. Nataka nimsalimie mama mkubwa." Ni mama yake mkubwa na alikuwa hajawahi kumwona.

Tulimkuta Mama uani anapepeta mtama. Amezeeka, Baba. Magoti yanamsumbua, na jicho moja limeingia ukungu. Shija akapiga goti, mwanamume mzima na suruali yake safi, akasema, "Mwadila, mayu." Mama akaitika, akamtazama sana, akaniuliza huyu ni nani mbona ana paji la uso la Mwalimu. Nikamwambia. Akamkaribisha kigoda, akamletea maji ya kunywa, akamuuliza habari za mama yake kama mtu anayeuliza habari za dada.

Shija hakunywa. Alisema, "Mama mkubwa, mwanangu anaumwa ule ugonjwa wa Masanja na Limi. Damu hiyo ninayo mimi. Mama yangu amepimwa, hana. Na mimi sikuzaliwa na wewe."

Mama aliendelea kushika ungo. Nilimwona anaipanga ile habari kichwani, taratibu, moja moja, kama tulivyokuwa tukichambua punje. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba yako alijua?"

"Alijua, Mama."

"Tangu wakati ule?"

"Tangu wakati ule. Alikuwa anaifundisha."

Akaweka ungo chini. Kuku wakaja wakaanza kudonoa mtama ungoni na hakuna aliyewafukuza. Nilidhani atalia, au atakulaani, na ningelaani pamoja naye. Hakufanya hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Minza, mimi kila Kwaresima nimekwenda kitubio nikaungama kwamba nimewaua wanangu wawili kwa damu yangu. Padri ananipa malipizi, natimiza. Mwaka unaofuata naungama tena, kwa sababu roho haitulii. Padri aliyekuwepo alihama, akaja mwingine, naye nikamwungamia. Sasa niambie. Ile dhambi niliyokuwa naungama ilikuwa ya nani?"

Niliinuka nikawafukuza wale kuku.

Nimesoma vitabu vyako vyote, Baba, cha bluu na vingine, na vya dukani vyote, na swali hilo halimo. Mama hatakaa sana, tunamwona. Atakapofika huko uliko, najua alivyo, atakusalimia kwanza kwa heshima, atakuuliza hali yako. Usimwambie ni ya mtihani. Usimwambie wazee wameamua. Simama mbele yake kama ulivyosimama mbele ya watoto wa watu, umjibu.

Kwaheri.

Mimi, mtoto wa mke uliyemrudisha,
Minza